Jinsi ya kupima urahisi wa kutembea mtaani, kuanzia mlangoni hadi mahali mtu anapokwenda

Ukimuuliza mkazi wa Tandale kama shule ya watoto wake iko mbali, hatakujibu kwa mita. Atakuambia ni hapo tu, ukivuka mto. Jibu hilo lina vipimo viwili: umbali, ambao ni mfupi, na kizuizi, ambacho ndicho kinachoamua kama umbali huo una maana yoyote siku ya mvua. Ramani na takwimu nyingi za mipango miji hushika nusu ya kwanza ya jibu na kuiacha ya pili, na ndiyo maana mtaa unaweza kuonekana kwenye karatasi kuwa umezungukwa na huduma huku wakazi wake wakizifikia kwa taabu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima mtaa kwa swali moja: mtu akitoka mlangoni kwake kwa miguu anaweza kufika wapi, kwa dakika ngapi, na kwa njia ipi hasa. Mahali anapokwenda, iwe ni genge, zahanati, msikiti au kituo cha daladala, nitapaita fikio, na mengi nitayaita mafikio. Mifano nimeichukua Tandale na Sinza, kata jirani jijini Dar es Salaam, kwa sababu zinafundisha zikiwekwa pamoja. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, kwa hiyo ina barabara zinazokatana kwa mpangilio. Tandale ilijengwa na wakazi wenyewe, nyumba baada ya nyumba, na njia zake ni vichochoro vilivyobaki baada ya kuta kusimama. Anayejua kupima kata hizi mbili kwa haki ataweza kupima karibu mtaa wowote wa mjini Afrika Mashariki.

Umbali wa rula na umbali wa mguu

Kosa la kwanza, nalo ndilo linalorudiwa zaidi, ni kuchora mduara. Mpimaji huweka nukta kwenye zahanati, huchora mduara wenye nusukipenyo cha mita 400, kisha hutangaza kwamba kila nyumba iliyo ndani yake imefikiwa. Kipimo hicho kina historia ndefu: mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alipopendekeza mtaa uliojengwa kuzunguka shule ya msingi, alitumia robo maili, yaani mita 400 hivi, kuwa umbali ambao mkazi angeutembea bila kusumbuka. Tatizo haliko kwenye mita 400 zenyewe. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayetembea juu ya mapaa.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa kosa hilo. Mduara wa nusukipenyo cha mita 400 una eneo la hekta 50 hivi. Katika mtaa wenye barabara zinazokatana kwa pembe mraba kila upande, bila ukuta wala mto, mtu anayetembea mita 400 kutoka katikati anaweza kufika tu ndani ya umbo la mraba uliosimama kwa ncha yake, na eneo la umbo hilo ni hekta 32. Maana yake ni kwamba hata mpangilio mzuri wa viwanja huwapa watembea kwa miguu asilimia 64 tu ya kile mduara ulichowaahidi, na kila ukuta mrefu, mtaro mpana au barabara isiyovukika hupunguza asilimia hiyo zaidi. Uwiano huu, yaani eneo linalofikika kwa mguu ukiligawa kwa eneo la mduara, ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa kuwa unaweza kuupata kwa ramani peke yake kabla hujatoka ofisini.

Kipimo ndugu yake ni cha mzunguko: umbali wa kutembea ukiugawa kwa umbali wa rula. Nyumba iliyo mita 310 kutoka shuleni kwa rula, lakini ambayo mtoto wake hutembea mita 560 kwa sababu kidaraja kiko chini zaidi ya mto, ina uwiano wa 1.8. Katika mitaa ya viwanja vilivyopangwa uwiano huu kwa kawaida hauzidi 1.4 na kidogo, isipokuwa pale penye kizuizi. Kwa hiyo ukiona 1.8 usitafute kosa kwenye hesabu, tafuta ukuta au mto. Hapa Tandale huwashangaza wageni, kwani vichochoro vyake vingi hukata kwa mshazari, na mtu anayevijua huenda akafika genge au sokoni kwa njia iliyonyooka kuliko jirani yake wa Sinza anayelazimika kufuata kona za viwanja. Makazi yasiyopangwa si lazima yawe na njia mbovu. Mara nyingi yana njia nyingi mno, ambazo hazionekani kwenye ramani na hazipitiki nyakati zote.

Kuchagua milango

Kipimo cha namna hii huanzia mlangoni, wala hakianzii katikati ya mtaa. Wengi huchukua nukta moja ya katikati ya kata na kupima kutoka hapo, na matokeo yake ni kipimo cha mtu mmoja wa kufikirika anayeishi mahali ambapo pengine pana choo au karakana. Njia rahisi ya kuchagua ni kugawa eneo katika miraba ya mita 100 kwa 100, kisha katika kila mraba kuchukua jengo la makazi lililo karibu zaidi na katikati. Kwa mtaa mmoja, milango 30 hadi 40 inatosha kwa kazi ya kwanza, na watu wawili wanaweza kuimaliza kwa siku chache.

Njia hiyo ina mtego, nao ni wa kuhesabu mapaa badala ya kaya. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba vitatu kila upande inaweza kuwa na kaya sita, kila moja na jiko lake na watoto wake, ilhali nyumba yenye geti mtaa wa pili ina kaya moja. Ukizipa uzito sawa utakuwa umepima majengo. Kwa hiyo katika kila mlango uliochaguliwa uliza kaya ngapi zinaishi humo, andika idadi hiyo, na uitumie kama uzito wakati wa kujumlisha. Swali hilo huchukua nusu dakika na hubadilisha matokeo kuliko programu yoyote ya kompyuta.

Kabla ya kuanza kupita na daftari au simu mkononi, fika ofisi ya serikali ya mtaa, jieleze kwa mwenyekiti na mtendaji, na omba mtu wa kukuongoza, mara nyingi mjumbe wa nyumba kumi. Mtu anayepiga picha na kupima vichochoro bila kujulikana huchukuliwa kuwa ametumwa kubomoa, na wenye nyumba walio karibu na bonde wana sababu za kuwa na hofu hiyo. Faida nyingine ni kwamba mjumbe anajua njia gani imezibwa wiki iliyopita.

Kuchagua mafikio

Huduma maarufu ya Walk Score, iliyoanzishwa Seattle mwaka 2007, hupa kila anwani alama kati ya 0 na 100 kwa kuangalia mafikio yaliyo karibu nayo. Wazo hilo ni zuri na mbinu ya mwongozo huu inafanana nalo kwa kiasi. Lakini orodha yake ya mafikio ni ya mji wa Marekani, na hutegemea kumbukumbu za biashara zilizosajiliwa. Genge la mama anayeuza nyanya, mchicha na mkaa chini ya mwembe halimo katika kumbukumbu yoyote, ingawa ndilo fikio linalotembelewa kila siku.

Tengeneza orodha yako kwa kuwauliza wakazi wachache wametembea wapi jana na leo, na usianzie kwenye orodha ya huduma za jamii iliyo ofisini. Orodha nilizowahi kuzikusanya kwa njia hiyo huwa na genge na duka la mangi, kituo cha daladala, shule ya msingi, zahanati, bomba au kisima cha maji, soko, nyumba ya ibada, wakala wa kutoa pesa kwa simu, na uwanja wa watoto kucheza. Mengine hayafai kupimwa. Wakala wa pesa na genge vimejaa kiasi kwamba kila mlango utapata alama zote, na kipimo kinachompa kila mtu jibu lilelile hakimsaidii yeyote kuchagua mahali pa kujenga kidaraja. Viache kwenye orodha kwa uzito mdogo kuliko utakavyoona ni haki, au viripoti peke yake.

Upande wa usafiri, ni vizuri kufuata viwango vinavyotumika kimataifa ili matokeo yako yaweze kulinganishwa. Katika Lengo la 11 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, mkazi huhesabiwa kuwa na usafiri wa umma wa karibu iwapo anaweza kufika kituo cha basi la kawaida ndani ya mita 500, au la mabasi yaendayo haraka, na kituo cha usafiri wa kubeba watu wengi zaidi, kama reli au kivuko cha majini, ndani ya kilomita 1. Kwa Dar es Salaam hii ina maana kwamba kituo cha daladala na kituo cha mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka ambayo tangu mwezi Mei 2016 yanahudumia Barabara ya Morogoro, hupimwa kwa kamba moja ya mita 500. Kwa viwanja na maeneo ya wazi, kiwango cha lengo hilohilo ni mita 400 za kutembea.

Jambo moja zaidi kuhusu mafikio, nalo ni la kuangaliwa sana. Fikio lililo karibu si lazima liwe ndilo linalotumika. Mama anaweza kuipita zahanati iliyo dakika sita kutoka kwake na kwenda ya dakika kumi na saba kwa sababu ya kwanza haina vipimo anavyohitaji, na mtoto anaweza kuwa ameandikishwa shule ya mbali kwa sababu ya karibu ilijaa. Kwa kila fikio la huduma andika namba mbili, muda wa kufika lililo karibu na muda wa kufika lile ambalo kaya inalitumia kweli. Tofauti kati ya namba hizo haitokani na njia, inatokana na huduma yenyewe, na ukiichanganya na ya njia utapendekeza kujenga barabara mahali palipohitaji dawa.

Kupata njia zenyewe

Ramani ya kuanzia ipo. OpenStreetMap ni ramani huria ya dunia inayochorwa na yeyote anayetaka, na Dar es Salaam imebahatika kuwa na kazi kubwa ndani yake: Tandale ilichorwa na wakazi na wanafunzi mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Pakua data za eneo lako pamoja na ukanda wa angalau kilomita 1 nje ya mpaka wake, kwa sababu mpaka wa kata ni wa kiutawala na watu wa Tandale hununua, husali na hupanda magari Manzese, Mwananyamala na Sinza bila kuuliza wako kata gani. Anayekata data zake mpakani atawafanya wakazi wa pembezoni waonekane hawana huduma.

Fungua data hizo katika QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa, ambayo ina zana za kutafuta njia fupi kwenye mtandao wa njia na kuchora eneo linalofikika kutoka nukta moja. Kabla ya kuziamini, zijaribu. Chagua jozi kumi za mahali unapopajua na uangalie programu inakupitisha wapi. Mara nyingi utakuta kichochoro kilichochorwa kikaishia nusu mita kabla ya kugusa barabara. Kwa jicho vimeungana, kwa kompyuta pana ukuta. Utakuta pia mistari miwili inayokatana bila kuungana, na njia ya miguu inayopita katikati ya kiwanda kilichojengwa baadaye. Makosa haya hurekebishwa ndani ya ramani yenyewe ili atakayekuja baada yako asiyakute.

Kisha nenda ukatembee. Hakuna njia ya kulikwepa hili. Simu yenye kurekodi mwendo inatosha kwa barabara pana, lakini katika kichochoro chenye kuta pande zote na mapaa ya bati yanayokaribiana, nukta zake hurukaruka na unaweza kuonekana umetembea ndani ya vyumba vya watu. Kwa vichochoro mimi huamini hatua kuliko simu. Pima mita 50 kwa tepu ndefu kwenye barabara tambarare, zitembee mara tatu kwa mwendo wako wa kawaida huku ukihesabu hatua, tafuta wastani, na kutoka hapo miguu yako ni kipimo. Rudia zoezi hilo ukiwa na viatu utakavyovaa kazini.

Katika kila kipande cha njia andika mambo manne tu, kwa sababu fomu ndefu hazijazwi kwa ukweli baada ya saa tatu za jua: upana, sakafu, kizuizi, na mwanga wa usiku. Upana uandikwe kwa kuuliza kama watu wawili wanapishana, kama mtu mwenye ndoo kichwani anapishana na mwingine, na kama kiti cha magurudumu kinapita. Sakafu ni lami, zege, changarawe, udongo au mchanga mzito. Kizuizi ni mtaro usio na mfuniko, ngazi, geti, tuta la taka, pikipiki zilizoegeshwa au meza za biashara. Juu ya meza za biashara natoa angalizo, maana wapimaji wengi huziandika zote kuwa vizuizi: meza ya muuza vitumbua iliyo kando ya njia ni fikio kwa watu hamsini kabla ya saa mbili asubuhi, na macho ya muuzaji huyo ndiyo ulinzi wa njia hiyo. Iandike kuwa kizuizi pale tu inapomlazimisha mtu kushuka barabarani.

Mageti yanahitaji tahadhari ya pekee. Niliwahi kuihesabu njia ya mkato inayopita katika uwanja wa shule moja kuwa wazi, kwa kuwa niliipita siku ya Jumatano saa nne na watu walikuwa wakipita kwa wingi. Jumamosi nilikuta geti limefungwa kwa kufuli, na mlinzi akanieleza kwamba hufungwa pia kila siku baada ya saa kumi na mbili jioni. Milango tisa katika jedwali langu ilibidi ipimwe upya.

Kutoka mita hadi dakika

Mita zikishapatikana, zigeuze kuwa dakika, kwa sababu mtu huamua kutembea au kupanda bodaboda kwa kufikiria muda. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 80 kwa dakika. Kipimo cha mtaa kisichukue mtu huyo peke yake. Mzee mwenye mkongojo anayekwenda mita 50 kwa dakika hutumia dakika 16 kwa safari ya mita 800 ambayo kijana huimaliza kwa dakika 10, na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya lita 20 kichwani yuko mahali fulani kati yao, huku akipumzika njiani. Chagua watembeaji wawili, mmoja wa kawaida na mmoja mwenye mwendo mdogo, na kila safari ihesabiwe mara mbili.

Barabara kubwa zihesabiwe kama mahali pa kusubiri, si kama mita. Simama kwenye kivuko cha pundamilia saa moja asubuhi, na kwa saa iliyo na sekunde pima ni muda gani watu kumi wanasubiri mpaka wavuke, kisha tumia thamani ya katikati baada ya kuzipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Upana wa barabara nao una uzito wake: mita 14 huvukwa kwa sekunde 12 hivi na mtu anayekwenda mita 1.2 kwa sekunde, lakini mtu wa mita 0.8 kwa sekunde anahitaji karibu 18, na dereva wa daladala hampi sekunde hizo sita. Penye daraja la juu la waenda kwa miguu, pima ngazi zake zote kupanda na kushuka, na angalia wangapi wanalitumia na wangapi wanavuka chini yake. Ikiwa wengi wanavuka chini, njia unayopaswa kuipima ndiyo hiyo ya chini, pamoja na hatari yake.

Kuhesabu alama

Tangu Walter Hansen alipoandika mwaka 1959 juu ya ufikikaji na matumizi ya ardhi, wanaopima mambo haya wamekubaliana kwamba fikio hupoteza thamani kadiri linavyokuwa mbali, na wanatofautiana tu juu ya kasi ya upotevu huo. Kuna njia za hesabu zenye vipeo na namba za kukadiriwa, lakini kwa kazi ya mtaa, ambayo matokeo yake yatasomwa na wakazi na madiwani, napendekeza mteremko ulionyooka ambao mtu yeyote anaweza kuukagua kwa kalamu. Fikio lililo ndani ya dakika 5 lipate thamani kamili, yaani 1. Baada ya hapo thamani ishuke sawasawa hadi iwe 0 kwenye dakika ya 20. Kwa muda ulio kati, toa dakika zako kwenye 20, kisha gawa kwa 15. Dakika 8 hutoa 12 gawa kwa 15, sawa na 0.8; dakika 14 hutoa 0.4.

Kisha gawa alama 100 kwa mafikio kulingana na mara ngapi watu huyaendea na madhara ya kuyakosa. Ugawaji huu ni uamuzi, hauna usahihi wa kisayansi, na unapaswa kufanywa mbele ya wakazi, ikiwezekana wanawake na wanaume katika vikundi tofauti, kwa kuwa watakupa majibu tofauti. Tuseme mmekubaliana, ingawa mimi ningepunguza uzito wa genge, duka na genge 25, kituo cha usafiri 20, shule ya msingi 20, zahanati 15, maji 10, soko 5 na uwanja wa wazi 5.

Sasa tuchukue mlango mmoja wa kubuni kwa ajili ya hesabu. Duka liko dakika 2, maji 3, kituo cha daladala 8, soko 8, shule 11, zahanati 14, na uwanja 26. Duka linapata alama zake zote 25 na maji 10. Kituo kinapata 20 mara 0.8, yaani 16, na soko kwa njia hiyohiyo 4. Shule ina thamani ya 0.6, hivyo inapata 12, zahanati 0.4, inapata 6. Uwanja haupati kitu. Jumla ni 73. Ni alama nzuri, na ukiishia hapo utaridhika.

Usiishie hapo. Mlango huohuo upimwe kwa njia ya masika. Mto Ng'ombe, unaopita Tandale kuelekea Msimbazi, hufurika katika mvua za Machi hadi Mei, na tuseme kidaraja ambacho mtoto wetu wa mfano hukitumia kinafunikwa na maji, kwa hiyo shule inakuwa dakika 20 kwa kuzunguka na zahanati 17. Shule inapoteza alama zake zote, zahanati inabaki na 3, na jumla inashuka hadi 58. Alama hizo 15 zilizopotea ndizo thamani ya kidaraja kwa mlango huo, na ukizizidisha kwa idadi ya kaya za milango inayofanana nao, umepata hoja ambayo mduara wa mita 400 usingeweza kukupa kamwe. Kwa mzee wa mita 50 kwa dakika hesabu ni mbaya zaidi, nami ningeshauri ifanywe na kuwekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Njia ya usiku hufuata mantiki ileile. Waulize wanawake hasa ni njia gani huiacha baada ya magharibi na hupita wapi badala yake, na upime hiyo. Usiwaulize kama njia ni salama, kwa sababu watasema ndiyo au hapana kwa kukuridhisha. Waulize jana saa mbili usiku walipita wapi.

Kuyasoma matokeo

Wastani wa mtaa mzima ni namba ya mwisho kuangaliwa. Mtaa wenye wastani wa 70 unaweza kuwa na kaya nyingi zenye 85 kando ya barabara na kundi la kaya zenye 35 lililojificha kati ya mto na ukuta wa kiwanda. Panga milango yote kutoka alama ndogo hadi kubwa, kila mmoja ukiwa na idadi ya kaya zake, na uanze kusoma kutoka chini. Robo ya chini ichore kwenye ramani kwa rangi moja nzito. Mara nyingi haitatawanyika, itajipanga kwenye mstari, na mstari huo ukiufuata kwa miguu utakuta kinachousababisha.

Baada ya hapo, ramani yako inaweza kujibu maswali ya kabla ya ujenzi. Ongeza kidaraja kwenye ramani mahali kinapopendekezwa, endesha hesabu upya, na uone kaya ngapi zinaingia ndani ya dakika 15 za shule. Kihamishe mita 150 kuelekea mto unakotoka, uhesabu tena. Ondoa geti, funika mtaro, weka kivuko cha pundamilia, kila kimoja kwa wakati wake. Nimeona mara kadhaa kwamba kufungua geti moja saa za mchana kunawapa wakazi dakika nyingi kuliko barabara mpya ya lami, na gharama yake ni mazungumzo na mwenye ufunguo. Barabara ya lami isiyo na njia ya waenda kwa miguu inaweza hata kushusha alama, kwa kuwa magari huongeza mwendo na muda wa kusubiri kuvuka hurefuka. Ndiyo sababu muda huo ulipaswa kupimwa mwanzoni.

Matokeo yapelekwe kwanza kwenye mkutano wa mtaa, kwa ramani kubwa iliyochapishwa, na kila mtu aruhusiwe kutafuta mlango wake na kubisha. Watakaobisha wengi wao watakuwa sahihi: kichochoro fulani kilizibwa, bomba fulani halitoi maji siku tatu kwa wiki. Sahihisha mbele yao, andika tarehe ya kila sahihisho, na uhifadhi orodha ya milango, majina ya watu yakiwa yameondolewa, pamoja na uzito uliokubaliwa na kasi za watembeaji wawili. Kazi ya ujenzi itakapokamilika, pima tena kutoka milango ileile, kwa watembeaji walewale, na usubiri hadi mvua za masika zianze kabla ya kuandika alama ya mwisho.